Raba za usukani za Honda XL 125: nilivyozipata nikiwa Tabora

Ndugu yangu wa Kasulu, umeuliza utapata wapi raba za usukani zinazofanana na zile zilizokuja na Honda yako, kwa kuwa kila unazoonyeshwa dukani ama zinapwaya ama haziingii. Nimepitia shida hiyo hiyo hapa Tabora kwa XL 125 ninayoendea vijijini upande wa Urambo, na kosa langu lilikuwa kutafuta kwa macho badala ya kutafuta kwa kipimo na namba.

Usukani wa pikipiki nyingi, XL ikiwemo, una kipenyo cha milimita 22, na raba ya kushoto huvaa juu ya chuma hicho moja kwa moja. Ya kulia haigusi chuma: huvaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka na kuvuta waya wa mafuta, kwa hiyo tundu lake ni pana zaidi, kama milimita 25 au 26. Muuzaji mmoja aliniuzia mbili zote zenye tundu pana, na ile ya kushoto ikawa inazunguka kiganjani kila nilipobana klachi, hadi siku moja, nikiwa katikati ya mchanga, ikachomoka nusu nzima. Tangu siku hiyo sinunui bila kupima tundu zote mbili.

Kuhusu namba ya spea, ya Honda huanza na 53165 kwa raba ya kulia na 53166 kwa ya kushoto. Kundi linalofuata ni la modeli, na hapo ndipo wengi huchanganya. Soma namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, mpe muuza spea atafute namba kamili, kisha uagize kwa namba hiyo. Mimi niliagiza Kariakoo, zikaja kwa basi, na michirizi ya ndani ya raba ya kulia ikakaa sawasawa juu ya ile ya bomba la plastiki.

Za zamani usihangaike kuzivuta; zichane kwa wembe. Zangu zilikuwa zimelainika hadi zinaacha weusi viganjani, na chini ya ile ya kushoto nilikuta kutu, nikaisugua kwa msasa laini na kufuta kwa spiriti. Tafadhali usipake grisi wala oili ili ziingie kwa urahisi, kwani zitateleza siku zote. Paka gundi ya raba kidogo, na upande wa kulia ihakikishe haifiki kwenye kingo za bomba. Acha pia nafasi ya milimita moja au mbili kati ya raba na kisanduku cha swichi.

Gundi ikishakauka, kabla ya kuwasha, zungusha mafuta (yaani raba ya kulia) na uachie, usukani ukiwa umekatwa kulia, kisha kushoto. Yasiporudi yenyewe kwa haraka pande zote mbili, vua uanze upya.