Tuiteni tupige, tusijaze bango

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama mapromota wa matamasha wanazibeba bendi za nyumbani au wanazitumia tu. Napiga besi kwenye bendi ya watu 11 hapa Morogoro, mwaka wa 14 sasa, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona jukwaani.

Wengi wanazitumia. Ila sidhani ni roho mbaya.

Mwaka juzi promota mmoja alituita kwenye tamasha la uwanjani. Jina letu lilikuwa chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo, na bado tulilipiga picha. Tuliambiwa tufike saa sita mchana kupima sauti. Tukakaa juani na vyombo vyetu hadi saa kumi na moja jioni, hakuna aliyetupimia hata gitaa moja. Tukapandishwa wakati uwanjani wako wauza maji na watoto. Wimbo wa tatu haujaingia kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, fundi mitambo akatupa ishara ya kukata. Saa nne usiku akapanda nyota mwenyewe na kipaza sauti, muziki wote ukitoka kwenye flashi. Watu walimshangilia na alistahili, kijana anajua kuimba. Sisi tulipewa nauli na soda. Mpiga tumba wetu alikuwa ameacha kibarua cha siku nzima kwa ajili ya nyimbo mbili na nusu.

Nilikasirika miezi mingi, kisha nikakaa nikapiga hesabu zake. Bendi ni watu 11 wa kulisha, pengine wa kulaza, gari la vyombo, na saa nzima ya mitambo. Nyota na DJ wake wanatosha kwenye gari dogo. Mtu ambaye ameshalipia uwanja, vibali, ulinzi na jenereta hatatupanga kwa kuhubiriwa uzalendo. Ndiyo maana sipendi kusikia wenzangu wakiomba "kuungwa mkono". Mimi naomba kazi.

Tukumbuke pia kwamba bendi zetu kubwa hazikulelewa na mapromota. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara, vyombo vilikuwa mali ya chama. Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza 1978, ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika lenye kumbi zake. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi. Mpiga gitaa alijua Jumamosi yuko ukumbi gani, na shabiki alijua pa kumfuata. Mashirika yalipojitoa, bendi nyingi zilibaki bila vyombo na bila pa kupigia. Promota hawezi kuziba pengo hilo kwa usiku mmoja wa mwaka, na si haki kumdai hivyo.

Lakini asituambie watu hawataki bendi. Mbona Msondo na Sikinde wakipambanishwa siku ya sikukuu watu wanalipa kiingilio na kugawanyika kama Simba na Yanga? Pale promota aliifanya bendi yenyewe kuwa shughuli. Hakuna aliyekuwa akimpashia mwenzake jukwaa. Na Zanzibar, Sauti za Busara wanafanya tamasha Ngome Kongwe tangu 2004, kila anayepanda anapiga laivu, na wengi ni wa ukanda wetu huu. Sisemi ni rahisi: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Hata hivyo, aliyewahi kusimama pale usiku, taarabu ikipisha bendi ya dansi, hawezi kukubali kwamba hadhira ya vyombo imekwisha.

Pendekezo langu ni moja. Promota akimleta nyota mkoani, amuulize: utakubali kupigiwa na bendi ya hapa? Atutumie nyimbo zake wiki mbili kabla, atulipe nusu ya malipo mapema ili tuache vibarua tufanye mazoezi, na dramu na spika za jukwaani ziwepo tayari. Hapo hatuwi tena gharama ya pembeni. Shoo inakuwa ya kwake na ya kwetu, na tukipanda mapema kupiga nyimbo zetu tatu, mitambo imeshapimwa.

Nayasema haya kwa sababu tumelijaribu. Mwaka jana mwenye ukumbi mmoja mdogo, mtu asiye na jina kwenye matamasha, alimleta mwimbaji wa bongofleva na kutupa nyimbo zake nne. Mpiga gitaa la solo wetu alikesha nazo. Mwimbaji alifika mchana, tukafanya naye mazoezi kwa muda wa saa mbili, mwanzoni akiwa na wasiwasi maana alizoea flashi. Usiku, wimbo wa pili, aligeuka akamwashiria mpiga solo aendelee, akaacha kuimba, akacheza. Wimbo wa dakika nne ulikwenda dakika kumi na moja. Watu waliokuwa nje wanavuta upepo walirudi ndani wote.

Tulipokuwa tunafungasha nyaya, mwenye ukumbi alikuja kuuliza kama Ijumaa zetu ziko wazi. Tunapiga pale mpaka leo.

Msomaji wenu, Morogoro