Meno ya Sproketi: Uliza Mkono wa Klachi Kwanza

Kama umenunua pikipiki ya kupita lami na porini, ukaipeleka kwa mara ya kwanza kwenye kijia chenye mawe na mwinuko, huenda jambo hili limeshakukuta: gia ya kwanza ina mbio kuliko unavyotaka. Ukiachia klachi yote, pikipiki inakurusha kwenye mawe. Ukipunguza mafuta, inazimika. Unabaki katikati, vidole viwili vimeng'ang'ania klachi, unabana na kuachia, mpaka mkono wa kushoto unakufa ganzi na harufu ya pleti za klachi zinazoungua inakupanda puani. Mimi nilikaa hivyo msimu mzima nikiamini kwamba mkono wangu ni dhaifu. Kweli mkono ulikuwa bado haujajifunza, lakini shida kubwa zaidi ilikuwa kwenye meno ya sproketi, yale magurudumu mawili yenye meno, dogo mbele na kubwa nyuma, yanayozungushwa na cheni.

Pikipiki za aina hii hupangwa kiwandani kwa kuutazama zaidi mwendo wa barabarani. Lazima zipite vipimo vya kelele na moshi, na mnunuzi anataka atembee lami kwa saa mbili bila injini kulia kama inataka kupasuka. Kwa hiyo kiwanda huipa mbio na kupunguza nguvu. Hilo si kosa la kiwanda. Ila wewe unayeingia msituni kila wiki unaruhusiwa kuamua tofauti, na uamuzi huo ni miongoni mwa marekebisho ya bei nafuu unayoweza kufanya kwenye pikipiki.

Hesabu yake ni fupi. Gawanya meno ya sproketi ya nyuma kwa meno ya sproketi ya mbele. Suzuki DR-Z400S ilitoka na meno 15 mbele na 44 nyuma, yaani 2.93. Kawasaki KLR650 ya kabureta ilitoka na 15 na 43, yaani 2.87. Honda CRF250L ina 14 na 40, karibu 2.86. Yamaha WR250R ina 13 na 43, yaani 3.31. Namba ikipanda, tairi linapata nguvu zaidi na mbio zinapungua kwa injini iliyo kwenye mzunguko uleule. Namba ikishuka, kinyume chake. Usichukue namba ya pikipiki ya rafiki yako ukaihamishia kwako, kwa sababu ndani ya injini kuna upunguzaji mwingine wa kwanza, kisha gia zenyewe, na kila pikipiki ina wake. Mwenye 3.31 anaweza kuwa na gia ya kwanza yenye mbio kuliko mwenye 2.9. Linganisha pikipiki yako na yenyewe, kabla na baada.

Jambo linalowashangaza wengi ni uzito wa jino moja la mbele. Kwenye ile yenye 15 na 44, ukishuka mpaka 14 mbele unapata 3.14. Ukitaka kufika hapo kwa kubadili nyuma peke yake, unahitaji 47, ambayo ni 3.13. Kwa hiyo jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, takriban. Na kadiri sproketi ya mbele ilivyo ndogo, ndivyo jino lake linavyozidi kuwa na uzito: kwenye yenye 13 na 43, kushuka mpaka 12 kunakupa 3.58, badiliko la zaidi ya asilimia 8, na ungehitaji karibu meno manne nyuma kulifikia.

Sasa tazama maana yake kwenye njia. Chukua pikipiki ambayo upunguzaji wake wote katika gia ya kwanza, kuanzia injini hadi tairi, ni 18 (injini inazunguka mara 18 tairi likizunguka mara moja), na mzingo wa tairi la nyuma ni mita 2.1. Injini ikinguruma polepole kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, klachi imeachiwa yote, unakwenda kilomita 10.5 kwa saa. Punguza jino moja mbele, kutoka 15 mpaka 14, unakwenda 9.8. Punguza la pili, 9.1. Mtu anayetembea kwa miguu kwa kawaida huenda kama 5. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilivunjika moyo kidogo, maana nilitarajia jino lingenishusha mpaka mwendo wa mguu. Halifanyi hivyo. Klachi itabaki kuwa kazi yako kwenye kona ya mawe, na hakuna sproketi itakayokujifunzia. Lakini hizo asilimia 7 za jino moja zinaangukia mahali penyewe: pale ambapo zamani ulibana klachi muda wote, sasa unaibana nusu ya muda, pale ulipobana nusu, sasa unaiachia. Klachi inapoa, injini haichemki upesi, na vidole vinabaki na nguvu ya jioni, wakati ambapo watu wengi huanguka kwa sababu ya uchovu.

Ndiyo maana nasema uliza mkono wa klachi kabla ya kuuliza mtu. Nenda kwenye njia unayoipita mara nyingi, si ile ngumu kuliko zote uliyoipita mara moja. Panda na kushuka kama kawaida yako huku ukiangalia mkono wa kushoto unafanya nini. Kama kwa sehemu kubwa ya njia uko gia ya kwanza na klachi haiachiki, ongeza nguvu. Kama unatumia gia ya pili kwa raha na ya kwanza ni ya kuondokea tu na kona mbili tatu mbaya, acha ulivyo. Kama ya kwanza huigusi kabisa kwa sababu ukiiweka pikipiki inarukaruka kila unapogusa mafuta, umeshapita kiasi.

Gia ya pili ndiyo ninayoipigania zaidi. Wageni wengi huifikiria ya kwanza tu. Kwenye njia nzuri ya msituni unataka ya pili ikubebe kutoka kona hadi kona bila kuhangaika, kwa sababu kubadilisha gia katikati ya mwinuko wenye mizizi ni wakati wa kupoteza kasi, na kasi ikipotea hapo hairudi. Jino moja la mbele mara nyingi ndilo linaloigeuza ya pili kuwa gia ya kazi. Ya kwanza inabaki akiba.

Kupita kiasi nimekujua kwa kukufanya. Baada ya kuonja raha ya jino moja, nilifikiri mawili yangenipa raha mara mbili, nikaongeza na sproketi ya nyuma yenye meno manne zaidi siku hiyohiyo. Kwenye kupanda ilikuwa kama trekta. Kwenye kushuka ndipo nilipojuta. Ukifunga mafuta ukiwa gia ya kwanza yenye nguvu nyingi hivyo, breki ya injini ni kali kiasi kwamba tairi la nyuma linafunga lenyewe kwenye changarawe, na mimi niliteleza ubavu mteremko mzima hadi kichakani. Nilikuwa na bahati ya majani mazito. Halafu kurudi nyumbani kwa lami, injini ililia njia nzima, gia zimeisha mapema, magari yananifikia nyuma nami sina cha kuongeza. Kuwa na mbio kidogo za akiba barabarani ni usalama. Usizitoe zote.

Tangu siku hiyo nabadilisha jino moja tu kwa wakati mmoja, kisha natembea siku tatu au nne kabla ya kuamua tena.

Aina ya ardhi pia ina neno lake. Mawe na mizizi na kona za kujikunja hutaka nguvu. Mchanga ni tofauti: pale unataka mwendo, pikipiki ielee, na ukiwa na nguvu nyingi mno unabadilisha gia mara kwa mara huku kila badiliko likikuzamisha. Kwenye matope ya utelezi, nguvu nyingi kwenye tairi huwa ni kuzungusha tairi bure, na mara nyingi kupanda gia moja juu ndiko kunakokupa mshiko. Kwa hiyo mtu wa mchanga na mtu wa mawe wakikupa ushauri unaopingana, wote wanaweza kuwa wakweli.

Tuje kwenye vyuma. Kubadili mbele ni rahisi na haraka, na cheni uliyo nayo kwa kawaida inatosha. Jino moja likipungua, gurudumu la nyuma hurudishwa nyuma kama milimita 4 kwa cheni ya saizi 520, na nafasi hiyo huwa ipo kwenye virekebishi. Ubaya wake ni kwamba cheni inapinda kwenye duara dogo zaidi, hivyo viungo na meno huchakaa upesi, na pia inapita chini zaidi karibu na mkono wa gurudumu la nyuma, yaani chuma kinacholishikilia gurudumu hilo. Plastiki inayoukinga mkono huo italiwa haraka. Iangalie kila unaposafisha cheni. Ikitoboka, cheni itaanza kula alumini ya mkono wenyewe, na hapo umebadilisha kipande cha bei ndogo kwa kipande cha bei kubwa. Kwenye pikipiki ambayo tayari ina 13 mbele, mimi husita sana kushuka, na napendelea kuongeza nyuma.

Kuongeza nyuma ni laini zaidi kwa cheni, na kunakupa hatua ndogondogo: jino moja la nyuma ni kama asilimia 2 tu, hivyo unaweza kulenga vizuri. Lakini kila jino linavuta gurudumu mbele kwa zile milimita 4, na ukiongeza matatu au manne huenda cheni isifike. Itabidi ndefu zaidi. Sproketi kubwa pia inashuka karibu na mawe, na nimeona meno yaliyopinda kwa kugonga jabali. Kuhusu chuma na alumini sina maneno mengi: ya nyuma chagua chuma. Ya alumini ni nyepesi na inapendeza, lakini kwenye matope na mchanga inaliwa mapema mno kwa mtu anayesafiri nayo.

Kama cheni yako imechoka, usiiwekee sproketi mpya. Ivute kwenda nyuma pale inapozunguka ukingo wa nyuma wa sproketi kubwa. Ikiinuka mpaka unaona karibu nusu ya jino, badilisha vyote vitatu pamoja, maana cheni iliyorefuka huyala meno mapya.

Siku ya kufunga, kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuondoa cheni kabla ya kulegeza nati ya sproketi ya mbele. Iache cheni mahali pake, nyoosha washa ya kufungia (pete ya bati iliyokunjwa kuizuia nati isilegee) ikiwa ipo, mwombe mwenzako akanyage breki ya nyuma, ndipo ulegeze nati. Ukiondoa cheni kwanza hutakuwa na kitu cha kuishikilia shafti. Ukiwa hapo, futa matope yote nyuma ya sproketi na uitazame sili ya shafti, ile pete inayozuia oili isivuje. Ikilowa oili, huo ndio wakati wa kuibadilisha. Rudisha nati kwa nguvu ya kukaza iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na washa ukaikunje upya. Ikiwa imeshakunjwa mara nyingi, weka mpya.

Kisha ulegevu wa cheni, na hapa nakusihi usiharakishe. Watu hukaza cheni pikipiki ikiwa imesimama wima, wanaiona imependeza, halafu kwenye shimo la kwanza springi inabanwa na cheni inakuwa waya wa gitaa. Cheni hukaza kuliko wakati mwingine wowote pale shafti ya sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli ya gurudumu vinapolala kwenye mstari mmoja. Ukiweza, ibane springi kwa kamba hadi vitatu hivyo vilingane, na hapo cheni lazima bado icheze kidogo. Sili yangu ya kwanza ilikufa kwa sababu ya cheni niliyoikaza mno kwa mikono yangu mwenyewe, kilomita nyingi kutoka penye oili ya kuongeza.

Kumbuka pia kipima mwendo. Kama kinasoma gurudumu la mbele, hakuna kilichobadilika. Kama kinasoma kwenye giaboksi, baada ya kushuka kutoka 15 hadi 14 kitakuambia 75 wakati unakwenda 70, na kilomita za safari zitazidi vilevile, hivyo hesabu yako ya mafuta itapotoka.

Pikipiki yangu sasa ina 14 mbele na 44 nyuma. Ile ya 15 nimeifunga kwenye kitambaa chenye oili pamoja na spana yake, na safari ikiwa ni ya lami ndefu kabla ya njia, nairudisha kwenye pikipiki usiku wa kuamkia safari. Kazi yote ni kama nusu saa, ikiwa ni pamoja na kurudisha ekseli mbele na kupima cheni upya.