Mwanangu wa miaka 23 amebadilika, anaongea peke yake

SWALI: Dada habari za kazi, mi ni mama wa Tanga, mwanangu wa kiume ana miaka 23 ana Down sindromu, alikuwa mchangamfu sana, asubuhi anafagia uwanja, saa nne yuko dukani na baba ake anapanga soda, wateja wote wanamjua. Tangu Idi ipite hataki kwenda, analala tu, kanenepa, unamwita mara tatu haitiki, na usiku anaongea peke yake chumbani utadhani ana mgeni. Shangazi yake anasema katupiwa jini twende kwa mganga, baba ake anasema ndo ugonjwa wenyewe huo tumwache. Nifanyeje?

JIBU: Pole mama, na hongera, maana hizo soda hakuamka tu akajua kuzipanga.

Naanza na baba ake. Down mtu anazaliwa nayo, kromosomu, yaani vile vibeba urithi ndani ya chembe za mwili, ile ya 21 wengine tunazo mbili yeye tatu, ilikuwepo hata siku zile anafagia. Sasa itambadilishaje leo ghafla? Kuna kitu kingine kimeingia na hicho ndo cha kutafuta.

Cha kwanza thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa watu wenye Down inazembea mara nyingi kuliko kwa wengine na si lazima shingo ivimbe, mtu ananenepa, anasinzia, ngozi inakauka, choo kigumu, nyie mnasema mvivu. Kipimo ni cha damu, na wakikuta iko chini dawa ni kidonge cha kila siku. Ukienda hospitali ya Bombo mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, alikuwa hivi sasa yuko hivi, na akikujibu hawa ndo walivyo we ng'ang'ania apimwe. Masikio pia, matundu yao mara nyingi membamba nta inajaa, labda haitiki kwa sababu hasikii. Halafu msikilize akilala, kama anakoroma pumzi inakata kisha anashtuka, basi usiku hapumziki ndo maana mchana yuko kitandani.

Kuongea peke yake hapo wala usiogope, watu wazima wengi wenye Down wanafanya hivyo, wanarudia siku ilivyokwenda au wanapanga ya kesho. Ila kama siku hizi anagomba, analia au anaogopa, hilo nalo mwambie daktari. Na hujaniambia baada ya Idi nani kaondoka hapo nyumbani, dada mtu kaolewa? Rafiki kaenda chuo? Wengi wao wanaumia sana mtu akiondoka ila maneno ya kusema hawana.

Shangazi mtu asome dua, hakuna ubaya, ila hela ya mganga hiyo ndo ya vipimo. Dukani msimlazimishe siku nzima, aende kwa muda wa saa moja tu apange soda zake arudi, na baba ake amwambie kabisa kwamba wateja wanamuulizia.