Jibu: Pango la kihistoria kwa safari ya siku moja kutoka Malindi

Ndugu yangu, umeuliza ni pango gani la kihistoria ambalo mtu wa Malindi anaweza kulizuru na kurudi siku hiyo hiyo bila gharama kubwa. Nakushauri pango la Panga ya Saidi, huko Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi. Panda matatu ya asubuhi hadi Kilifi, kisha bodaboda. Humo yalifukuliwa mabaki ya mtoto wa takriban miaka 3, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita akiwa amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa, kwa dalili walizoziona wataalamu, kimewekewa mto. Mimi hunyamaza kila ninapomfikiria aliyemlaza vile. Wenyeji bado hufanya matambiko pangoni, kwa hiyo waombe wazee ruhusa kwanza, wala usiokote hata kijiwe.