Ukutani Imeandikwa "Haiuzwi", Nasi Tunauza

Swali: Shikamoo mzee wetu. Baba alituachia nyumba Tabata, vyumba vitatu na banda la uani lenye mpangaji. Mama anataka kurudi kwao Muheza, na sisi watoto wanne tumekubaliana iuzwe. Tatizo ni kwamba baba alipoanza kuumwa aliandika kwenye ukuta wa barabarani, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Tumepaka chokaa juu yake, maandishi yamerudi. Chumba cha nyuma nacho kina chumvi ukutani. Dalali anasema tupake rangi ya mafuta ionekane safi, halafu tutoe milioni nane tuweke jipsamu, marumaru na pevingi, bei itapanda. Wateja wanakuja, wanaangalia, wanasema watapiga simu. Hawapigi. *Binti wa Tabata*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kumpoteza mzee. Hiyo milioni nane ibaki benki kwanza. Tuanze na ukuta wa barabarani, maana huo ndio unaowafukuza wateja.

Mtu anayenunua nyumba Dar es Salaam anayajua maandishi hayo. Yako Kimara, yako Mbagala, yako Kigamboni, na sababu yake haijifichi: ama mwenye nyumba kasafiri na anaogopa tapeli asije akaiuza nyuma yake, ama ndugu mmoja anataka kuuza kinyemela na wenzake hawataki. Mteja wenu akishuka kwenye bajaji na kuona wekundu unachungulia chini ya chokaa, habari za jipsamu hana. Anawaza ni nani kati yenu hajakubali, na lini atakwenda kushitaki. Na wala hawaulizi ninyi. Anavuka barabara, ananunua soda kwa Mangi, anauliza huko.

Kwa hiyo karatasi zitangulie rangi. Msimamizi wa mirathi ameshateuliwa na mahakama? Barua yako haisemi. Kama bado, simamisheni kuonyesha nyumba, kwa sababu hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kuiuza. Akishateuliwa, jina la mzee kwenye hati libadilishwe kwanza liwe la msimamizi, ndipo mauzo yafuate. Mama na ninyi wanne mtie saini ya kuridhia mbele ya wakili. Mteja akifika, msimamizi ndiye ampokee, jalada likiwa mezani, na amwambie mwenyewe kabla hajaulizwa: "Yale maandishi ni ya baba, aliogopa kutapeliwa akiwa kitandani. Sisi wote hawa hapa, tumekubaliana." Mtaona uso unavyobadilika.

Sasa rangi. Nina hakika ile nyekundu ni ya mafuta, na chokaa haishiki juu ya mafuta. Fundi apige msasa hadi mng'ao wa herufi uishe, afute vumbi kwa kitambaa chenye maji, apake andakoti ya mafuta, aiache ikauke, ndipo ije rangi ya maji mikono miwili. Tena apake ukuta mzima, kona hadi kona. Kiraka cheupe chenye urefu wa sentensi kinasomeka hata na asiyejua kusoma.

(Wenye nyumba zilizowekwa X ya hifadhi ya barabara msijifiche kwenye jibu hili. X haiondoki kwa andakoti. Waliobomolewa mwaka 2017 kutoka Kimara hadi Kiluvya wanajua. Ukiifuta ukamuuzia mtu, wewe ndiye tapeli wa kwenye maandishi.)

Dalali wako anapenda jipsamu kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha. Lakini mnunuzi wa Tabata mara nyingi ananunua eneo: ukaribu na mjini, geti, nafasi ya kuongeza vyumba. Marumaru zenu huenda akazing'oa aweke za mkewe. Halafu kitu kipya ndani ya nyumba ya zamani kinamtia mtu wasiwasi. Mimi nikikuta nyumba nzima imechakaa isipokuwa chumba kimoja kinachonuka rangi mbichi, humo ndimo ninamokaa muda mrefu, nagonga kuta kwa kidole.

Ndiyo maana chumba cha chumvi kisipakwe mafuta hata kidogo. Unyevu unapanda kutoka kwenye msingi umebeba chumvi. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki pale na kuisukuma rangi. Mkiziba kwa mafuta, rangi itavimba kama andazi, ipasuke, na unga mweupe umwagike sakafuni siku hiyohiyo mteja mwenye fedha amekuja. Fundi abandue lipu ya chini hadi tofali lionekane, walau mita moja kutoka sakafuni, au zaidi kama alama zimepanda. Kisha atoke nje. Mara nyingi atakuta udongo wa uani umejaa ukapita kimo cha sakafu ya ndani, au bomba la bafu linavujia ukutani. Hicho ndicho cha kutibu kwanza. Baada ya hapo apige lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, mchanga usiwe wa ufukweni, na ikae mwezi mzima ikauke kabla ya rangi ya maji. Hamna mwezi? Basi uacheni ukuta ulivyo, mwonyesheni mteja ninyi wenyewe, mmpunguzie bei. Kasoro aliyoonyeshwa anaipigia hesabu. Aliyoigundua mwenyewe inamfanya atafute nyingine kumi.

Mengine ni madogo: bomba linalotiririka, soketi inayoning'inia, choo kisichoflashi, taa iliyoungua, wavu wa mbu uliotoboka. Fundi mmoja, siku moja au mbili.

Wateja waje asubuhi, mwanga ukiwa mzuri na jua halijawa kali. Tangi lijae, na LUKU iwe na yuniti. Mteja akibonyeza swichi ya feni isipozunguka, mtamweleza nini? Mwacheni afungue mabomba, apande juu ya kiti achungulie darini, msimfuate chumba kwa chumba mkimsimulia. Mama, kwa heshima zote, awe kwa jirani saa hiyo. Atamwonyesha mgeni kitanda alichofia mzee, na hapo mmekwisha.

Mpangaji aambiwe ukweli mapema, na mteja naye aambiwe kodi ya banda imelipwa hadi mwezi gani. Mpangaji aliyeshtukia tu watu wanapima chumba chake kwa futi ndiye atakayemnong'oneza mteja kwamba masika maji yanafika kitandani.

Mwisho, bei. Ninyi mkitaja moja, dalali anaweka cha juu chake, anampa dalali mwenzake naye anaweka chake, na mteja aliyeiona nyumba hiyohiyo kwa bei tatu kwenye makundi ya WhatsApp haji tena. Andikianeni: bei hii, kamisheni hii, cha juu hakuna. Wengi wataanza na asilimia 10. Bisheni, hiyo si amri.

Swali: Mteja wangu yuko Muscat, anataka nimtumie picha ya hati kwa simu ndipo atume mtu aje kuiona nyumba. Nitume? *Mwenye Nyumba, Tanga*

Jibu: Usitume. Picha ya hati ikishaingia kwenye simu hujui itatua kwa nani, na kuna watu kazi yao ni kuzitengenezea hati ndugu zake, yaani za kughushi. Mpe namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Mtu wake, heri awe wakili, aende kwa msajili wa hati kufanya upekuzi. Huko ataona jina la mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama. Hati yenyewe aione kwa macho, mezani kwako. Kama kweli ni mnunuzi atakuelewa.

Swali: Mteja anadai risiti ya kodi ya jengo. Mimi sijawahi kupanga foleni kuilipa tangu ilipohamia kwenye umeme. *Mama Kigamboni*

Jibu: Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo mwonyeshe risiti za kununulia yuniti, makato yanaonekana humo. Kama mita yako inatumiwa na mpangaji, huyo ndiye amekuwa akikulipia. Mrudishie chake kabla hajaondoka. Ila usiichanganye na kodi ya ardhi, hiyo inalipwa peke yake kila mwaka. Angalia deni lako leo ulimalize. Likiibuka siku ya kuandikishana, mteja hatakata deni tu, atakata na usumbufu.