Ukiwa huna sema sina (jibu la mzee mmoja wa Majengo)

Kuna kijana kauliza, ati sisi wazee tukirudishwa leo kwenye umri wa miaka 25 tungejiambia nini. Wengi mushamjibu, weka akiba, nunua ploti Mtwapa, kunywa maji. Sawa. Ploti ya Mtwapa hata mie naitaka na nina miaka 69. Magoti yangu yanajua mvua yaja kabla ya watu wa hali ya hewa, na meno yamebaki sita, yale mengine waulizeni nlokuwa nikitafuna nao miraa barazani, hapo siongezi neno.

Mie ningejiambia kitu kimoja tu: ukiwa huna, sema sina.

Sikizeni sasa. Mwaka 1978 nlikuwa kibarua bandarini Mombasa, natoka na vumbi la magunia mpaka kwenye nyusi, lakini jioni ukinikuta mjini utasema mtoto wa tajiri. Suruali bugaluu inafagia barabara. Ilikuwa imebaki raizoni, vile viatu vya soli nene, basi nkachukua kodi ya nyumba ya miezi miwili nkanunua, soli inchi 4 bana, mara moja nkawa mrefu kuliko kakangu. Kisa chenyewe ni kwamba ami yangu na wazee walikuwa wanavuka Likoni kunipelekea posa. Kwa desturi hiyo ni kazi ya wazee, mie sikuwa na shughuli huko, lakini nikibaki nyumbani nani atakiona kiatu?

Ile siku ilikuwa bamvua, maji yamekupwa vibaya, feri iko chini na pale pa kupandia upande wa Likoni pamesimama kama ukuta, pana ute wa mwani, na nyuma watu wasukuma, mkokoteni wa nazi, mama na karai lake la samaki, kila mtu na haraka zake. Ami akanambia vua hivyo viatu. Nkajifanya sisikii. Hatua ya tatu mguu ukaenda, mie nkadakwa na yule mama wa samaki, kiatu cha kushoto kikaingia baharini. Kingezama ningeshukuru. Hakikuzama! Soli yenyewe nyepesi kama kizibo, kikaelea, na maji ndo kwanza yameanza kujaa, basi kikashika njia kuelekea bandari ya Kilindini taratibu kama meli, watu wote wamesimama watazama, hamali mmoja akapiga kelele "mpelekeeni rubani!"

Nkaenda hivyo hivyo, mguu mmoja juu mmoja chini, nachechemea mpaka kwa wakwe. Nkajiambia si kitu, viatu vyavuliwa mlangoni, nani atajua. Tumekaa, kahawa imeletwa, mahamri na mbaazi, ami kaanza maneno yake mazuri, kitoto kikaingia kikasema, "Babu, kuna mgeni kaja na kiatu kimoja."

Mzee akaniuliza, mwanangu, chengine kiko wapi? Hapo nlikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, lakini sijui nini kilinipata, nkasema kiko baharini mzee, na kodi ya nyumba iko huko huko. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Mke nkapewa.

Sasa nyinyi vijana nawahurumia kwa jambo moja. Zamani, kabla M-Pesa haijaja 2007, mtu akikuomba ulikuwa na pa kujificha, pesa ziko posta, posta imefungwa, ngoja Jumatatu, na Jumatatu akija wewe uko Malindi. Leo mtu anaomba saa sita usiku na anakuona uko onlaini. Ndo mana mwakopa kwenye simu kumpa mtu ambae nae kakopa. Kijana mmoja jirani yangu wa tuktuk alikopa achangie harusi ya rafikiye, kumbe bwana harusi kakopa ukumbi, kakopa suti, wallahi mule ndani sijui kama palikuwa na shilingi yenye mwenyewe.

Na kusema sina kuna ufundi wake. Sema haraka, kisha nyamaza. Usianze "unajua mwezi huu mambo…" manake ukianza kueleza atakaa akusaidie kutafuta pesa ya kumpa yeye. Isipokuwa mamako. Mamako mwambie sina, halafu mtumie.

Mwenye nyumba nae nlimwambia sina. Alinitukana siku mbili, ya tatu akanipa kazi ya kupaka chokaa uani, deni likafutika. Na kile kiatu cha kulia mke wangu alikifanya cha kuzuilia mlango usigonge upepo wa kusi ukivuma, kimekaa pale miaka na miaka, juzi mjukuu kakiosha kapiga nacho picha, ati staili imerudi, aniuliza chengine kiko wapi.