Wakikusifia Ukishuka Madhabahuni

Wiki hii kijana mmoja anayeanza kuhubiri ameniandikia: "Mtumishi, watu wakinipongeza najibu 'utukufu kwa Bwana', lakini moyoni najiona mnafiki. Nifanyeje?" Na wewe mpendwa mwenye wito wa kusimama mbele za watu, kama swali hili halijakufikia bado, linakuja.

Mimi lilinijia kwa mlango wa nyuma. Nilialikwa kuhubiri mkutano wa injili. Nilifunga, nikaomba, somo nikaliandaa hadi usiku wa manane. Siku ya mwisho watu walimiminika mbele kuokoka, wengine wanalia. Mwenyeji wangu akashika kipaza sauti, akawashukuru wanakwaya, wahudumu na mafundi mitambo, kisha akatangaza jinsi huduma yake ilivyovuna roho. Mimi hata jina sikutajwa, nami nimekaa kiti cha pili kutoka kwake! Nikapiga makofi pamoja na wengine. Nimeshamsamehe, ingawa kila nikiona tangazo la mkutano wake kuna kitu kinanichoma kidogo.

Usiku ule nilisoma Matendo 14. Kule Listra, Paulo alimwambia kiwete asimame, akasimama. Umati ukadhani ni miungu yao imeshuka: wakamwita Barnaba, mwenzake Paulo, Zeu, na Paulo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa msemaji, wakamwita Herme. Kuhani wa Zeu akaleta ng'ombe na mashada ya maua ili awatolee dhabihu. Mitume wakararua mavazi yao, na hawakuishia hapo: wakaanza kuwaeleza habari za Mungu aliye hai, aumbaye mbingu na nchi, anayeleta mvua na majira ya mavuno. Soma na mstari wa 19. Walipofika Wayahudi kutoka Antiokia na Ikonio, umati ukashawishika, na Paulo akapigwa mawe hata wakadhani amekufa. Hao ndio watu tunaokosa usingizi kwa kutaka watutaje!

Kwa hiyo, kijana wangu, usiishie kwenye "utukufu kwa Bwana". Neno hilo hata mwenye kiburi analijua. Taja alichokitenda Mungu. Mtu akisema umehubiri vizuri, mshukuru, kisha muulize Bwana amesema naye nini, halafu muombe pamoja kuhusu hilo. Petro alifanya hivyo katika Matendo 3: watu walipomkazia macho baada ya kiwete kupona, akawauliza kwa nini wanadhani ni nguvu zake, akahubiri jina la Yesu palepale.

Na usijidharau kwa maneno, ukisema "mimi si kitu" huku ukisubiri ubishiwe. Nimewaona wengi. Paulo hakuficha kwamba alipanda mbegu ya Neno, wala kwamba Apolo, mhubiri mwenzake, alitia maji. Alisema tu kwamba mwenye kukuza ni Mungu. Ndugu zangu, tunahubiri ili nani aonekane? Gideoni alikuwa na watu 32,000 wa kwenda vitani, Bwana akawapunguza hadi 300, Israeli wasije wakajisifu kwamba mkono wao ndio uliowaokoa. Wewe ukipunguziwa jina moja kwenye shukrani, unanung'unika? Tubu! Taja kazi ya Mungu, tena na tena.

Umeuliza pia kuhusu picha yako kwenye bango. Ikiwekwa, sawa, watu wajue nani anahubiri. Isipowekwa, nenda ukahubiri vilevile. Yule mwenyeji amenialika tena, na nimemkubalia.